HAKUFA KWA HOMA

Ndugu wafanya kazi wa vinu vya sukari guru,

Kila tunapopeleka shauri la mwenzetu aliyeunguzwa na maji ya miwa, jibu la mwenye kinu ni lile lile: "Huyu hakufa kwa moto. Alikaa hospitali siku tisa, akala, akazungumza, kisha akafa kwa homa. Homa si juu yangu." Jibu hili tumechoka nalo.

Ngozi ni ukuta wa mwili. Maji ya miwa yaliyoiva karaini hushinda moto wa maji ya chai, tena hunata; aliyemwagikiwa hawezi kuyakung'uta. Yalipogusa, ngozi hufa, na ngozi iliyokufa haipiti damu. Basi chembe nyeupe za damu, ndizo askari wa mwili, hazifiki pale, wala dawa ya sindano haifiki vizuri. Siku za kwanza hustawi vijidudu vilivyokuwa juu ya ngozi yetu wenyewe, viitwavyo stafilokoki. Baada ya juma moja hivi huja sudomonasi, vipendavyo majimaji, ambavyo hutembea kwa beseni, mifereji na mikono isiyooshwa, na baadhi yavyo vimekwisha zoea dawa. Na aliyeungua zaidi ya sehemu moja katika tano ya mwili, askari wake kwanza hupigana ovyo hata wakaumiza mwili wenyewe, kisha hulegea. Hapo vijidudu huingia katika damu. Homa ndiyo hiyo! Wengine hata homa hawapati, hupoa tu.

Mwenye kinu asemaye vingine ni kama mtu aliyebomoa ua wa boma usiku, asubuhi akamlaumu fisi.

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 yataka fidia kwa ajali ya kazi iletayo kilema au kifo. Haikuandikwa humo kwamba mtu sharti afe siku ile ile.

Na sisi tuna kosa letu, tuseme kweli. Mara ngapi tumempaka mwenzetu dawa ya meno, unga, hata mavi ya ng'ombe? Huko ni kukaribisha vijidudu, na pepopunda pia. Dawa ya kwanza ni maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, kisha kitambaa safi, kisha Hospitali Kuu ya Kakamega, si kesho.

Lakini maji yako wapi? Tumeona kinu chenye pipa zima la kupoza injini, wala hakina mfereji wa kupoza mtu.

Twadai mfereji karibu na kila karai, gari la kumpeleka aliyeungua saa ile ile, na ajali iandikwe siku hiyo: saa, karai, na sehemu ya mwili iliyoungua. Nakala moja apewe mfanya kazi au jamaa zake. Atakayenyimwa amwone katibu wa tawi kabla mwenzake hajatoka wodini.