Umeme huu umechomewa nini? Chanzo cha mvua ya asidi

Umeme unaochaji simu yako ni ule ule, uwe umetoka bwawani au kwenye makaa ya mawe. Lakini moshi haufanani, na moshi huo ndio unaoamua kama mvua ya shambani itakuwa na asidi.

Mambo huanzia kwenye salfa. Wakulima wa korosho wa Mtwara wanaijua: ni ule unga wa njano wanaopuliza kukinga mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Makaa ya mawe na mafuta mazito nayo yana salfa ndani yake. Yakichomwa, salfa hugeuka gesi, hupanda angani, hukutana na unyevu na kurudi chini ikiwa tindikali. Gesi za naitrojeni kutoka kwenye mitambo na magari huongeza ukali. Samaki hufa ziwani, na udongo hupoteza virutubisho.

Gesi asilia, kama ile ya Songo Songo, ina salfa kidogo sana, ingawa ikiungua hutoa gesi za naitrojeni. Maji, jua na upepo havichomi kitu.

Tatizo ni kwamba upepo huweza kubeba gesi hizi mamia ya kilomita. Anayeumia huenda hata hajui mtambo uko wapi. Huko Lamu, Kenya, ulipangwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Kusi ingepeleka moshi upande mmoja, kaskazi upande mwingine. Mwaka 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni yake, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Madhara haya yanazuilika. Marekani ilikaza sheria mwaka 1990, na tangu hapo gesi ya salfa kutoka mitambo yake ya umeme imepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Baadhi ya mitambo ilifungiwa vifaa vya kusafisha moshi, mingine ikaacha makaa ya mawe. Lakini vifaa hivyo ni ghali, na mwekezaji asipobanwa hatavifunga.

Kwa hiyo, mradi wa umeme ukiletwa kwenye mkutano wa kijiji, tusiulize ajira na fidia tu. Tuulize pia: mtachoma nini? Moshi utasafishwaje? Na vijiji vya upande unakoelekea upepo, vimeitwa?