Sindano Zisizo na Dawa

Dada mmoja anayetunza wazee hapa Uingereza ameniandikia kwamba mgongo unamsumbua mwaka wa pili sasa. Mfanyakazi mwenzake kamwelekeza kwa mtaalamu wa akupancha, zile sindano za Kichina. Anataka kwenda, lakini anaogopa sindano tangu utotoni, na mama yake aliyeko Tanga kamwambia kwenye simu, "Mwanangu, uchomwe mwili mzima na mtu usiyemjua?" Anauliza ategemee nini.

Nianze na sindano yenyewe. Ya hospitali ina tundu kwa sababu inapitisha dawa au inavuta damu. Ya akupancha haina tundu wala dawa, na ni nyembamba mno. Ikiingia, wengi husikia kama wamedonwa na mbu, wengine hawasikii kitu. Baadaye huja uzito, ganzi kidogo au mvuto wa ndani kwa ndani, na hiyo ni kawaida. Maumivu makali kama ya kupigwa shoti si kawaida. Sema hapo hapo, itolewe. Sisi watu wa pwani tuna tabia ya kujibu "si neno, daktari" huku jasho linatutoka. Kitandani pale adabu hiyo haina faida.

Wala hii si hijama. Nyumbani tunajua kuumika, na ndugu zetu wa Oman wanaijua vizuri: ngozi huchanjwa, damu ikavutwa kwa kikombe. Akupancha haikusudii kutoa damu. Likitoka tone, hufutwa kwa pamba basi. Mtaalamu akitaka kuongeza vikombe au mkondo mdogo wa umeme kwenye sindano, lazima akuulize kwanza, na una haki ya kukataa.

Siku ya kwanza sehemu kubwa ni mazungumzo. Utaulizwa unaumwa nini, tangu lini, unalalaje, unatumia dawa gani. Wanaofuata njia ya Kichina huenda wakatazama ulimi na kushika mishipa ya mikono yote miwili. Mtaalamu wa fiziotherapia mara nyingi hafanyi hivyo. Kisha unalala kitandani, unachomwa sindano chache, nyingi zikiwa kwenye mikono na miguu hata kama unaumwa kichwa, na zinaachwa dakika chache hadi nusu saa. Vaa nguo pana zinazopandishwa hadi kiwikoni na gotini, huna haja ya kuvua kila kitu. Ukitaka kuhudumiwa na mwanamke, omba unapopanga miadi, usingoje hadi umefika mlangoni.

Hapo kwenye maswali ndipo ninapotaka msikilize, maana watu wetu huficha. Sema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama una kifaa cha moyo, kama una mimba au unaihisi, kama una kisukari na nyayo zimeingia ganzi, kama kinga yako ya mwili iko chini kwa sababu yoyote ile. Umeme haufai kwa mwenye kifaa cha moyo. Aliyepoteza hisia miguuni hawezi kujua sindano inapomuumiza. Haya hayaulizwi kwa umbea.

Nawe uliza yako. Hapa Uingereza hakuna sheria inayomzuia mtu kujiita mtaalamu wa akupancha. Kwa hiyo tafuta mwanachama wa British Acupuncture Council, au daktari, muuguzi au mfiziotherapia aliyesajiliwa na mwenye mafunzo ya kazi hiyo. Marekani, majimbo mengi yanadai leseni. Popote ulipo, kila sindano itoke kwenye pakiti iliyofunguliwa mbele yako, itumike mara moja, kisha itupwe kwenye kisanduku kigumu. Usipoliona hilo, ondoka.

Je, inasaidia? Kwa kipandauso na maumivu ya kichwa yanayojirudia, mwongozo wa NICE wa Uingereza wa mwaka 2012 unaitaja kama njia ya kuzuia, hadi vikao 10 ndani ya wiki 5 hadi 8. Kwa mgongo, mwongozo wa mwaka 2016 ulisema isitolewe, kwa vile faida haikuonekana kuizidi vya kutosha akupancha ya kuigiza, yaani ile ya kumdanganya mgonjwa kwamba ametibiwa. Lakini Marekani, tangu Januari 2020, bima ya Medicare inalipia vikao 12 ndani ya siku 90 kwa mgongo sugu, na 8 zaidi kama kuna nafuu. Mgongo ni ule ule, nchi mbili zimeamua tofauti. Mimi ningemwambia dada yangu ajaribu akipenda, alipe kikao kimoja kimoja, na asinunue ile "ofa" ya vikao 20. Baada ya vikao vitano au sita bila nafuu, pesa hiyo ina kazi nyingine. Na wakati huo mazoezi ya mgongo yaendelee, na kazini adai kifaa cha kunyanyulia wagonjwa.

Dawa za presha au za sukari haziachwi kwa sababu ya sindano. Mtaalamu anayekwambia uziache, mkimbie.

Kuna mgongo usiopelekwa kwenye akupancha kabisa. Ukiambatana na miguu kulegea, ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, nenda hospitali ya dharura saa hiyo hiyo. Na baada ya kikao, michubuko midogo, uchovu na kizunguzungu hupita, kaa kidogo kabla ya kuendesha gari. Ila ukibanwa na pumzi au kifua kikauma, piga simu ya dharura, kwani mara chache sana sindano ya kifuani au mgongoni hutoboa pafu.

Usiende na njaa, watu huzimia. Ndiyo maana mwezi wa Ramadhani ni bora kuomba miadi ya usiku baada ya futari, au kungoja Shawwal. Kama sindano inabatilisha saumu au la, muulize sheikh wako. Mimi naulizwa mno hilo, na si fani yangu.