Gari la Mzee na Giaboksi ya Otomatiki: Oili Ipozwe Vipi?

Barua tunayoijibu juma hili inatoka Nakuru. Aliyetuandikia ni mama ambaye goti lake halistahimili tena kukanyaga klachi. Familia haitaki kuuza Peugeot 504 iliyoachwa na marehemu mzee wao. Fundi ameahidi kuifunga giaboksi ya otomatiki, nao wauliza oili yake ipozwe kwa njia gani.

Twaielewa thamani ya gari hilo. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na kwa miaka mingi "Pijo" ndizo zilizobeba abiria baina ya Nakuru na Nairobi. Kuibadilisha si dhambi, maadamu ibadilishwe kwa akili.

Giaboksi ya otomatiki haina klachi ya mguu. Nguvu za injini hupitia chombo kiitwacho konvata, kilichojaa oili inayozungushwa kwa kasi. Gari likipanda mlima polepole na mzigo, oili hiyo husuguana mno na kushika moto. Kanuni ya mafundi husema kwamba joto likizidi kiwango kifaacho, kila nyuzi 11 hivi hupunguza umri wa oili kwa nusu.

Sasa tazameni mahali penyewe. Nakuru i mita 1,850 hivi juu ya bahari, na barabara ya Eldoret hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Huko hewa ni nyepesi kwa karibu robo kuliko ya kwetu Mombasa, kwa hiyo hupoza kidogo palepale ambapo kazi ni kubwa.

Njia ya kwanza ni kupitisha oili ndani ya tangi la rejeta, ipozwe na maji ya injini. Faida yake ni kuwa oili hupata joto upesi asubuhi za baridi. Lakini rejeta ya gari la klachi haina chumba hicho, hivyo ni lazima ibadilishwe. Injini ikichemka, oili nayo hukosa pa kupoa. Na chumba kikitoboka, maji huingia kwenye giaboksi na kuiharibu.

Njia ya pili ni kipozeo cha peke yake, kifungwacho mbele ya rejeta na kupozwa kwa upepo. Kwa gari hili, sisi twachagua njia hii, pamoja na themostati inayozuia oili kupita kwenye kipozeo kabla haijapata joto. Rejeta ya zamani itabaki ilivyo, na oili haitakutana na maji kamwe.

Mama, usimwachie fundi kila jambo. Hakikisha kipozeo kinatosha uzito wa gari pamoja na abiria na mizigo. Kifungwe kwa vishikio madhubuti, kisining'inizwe kwa waya kwenye mapezi ya rejeta. Mipira iwe ya oili ya moto, si ya petroli, na ipite mbali na bomba la moshi. Mwisho, dai kipimajoto mbele ya dereva.

Kabla ya kuwapakia watoto, pandeni na fundi hadi Mau Summit. Mshale ukikaribia nyuzi 120, simameni mahali salama, wekeni gia huru na breki ya mkono, mkaache injini ikizunguka taratibu ili oili iendelee kupita kwenye kipozeo. Kisha itazameni oili: nyekundu safi ni njema, ya kahawia yenye harufu ya kuungua imekwisha kuumia.

Fundi akisema kipozeo kisubiri mpaka fedha zipatikane, basi giaboksi nayo na isubiri. Bei ya kipozeo ni ndogo. Giaboksi iliyoungua hununuliwa mara ya pili, na mama mwenye goti bovu hapaswi kukwama mlimani usiku na watoto garini.