Hakuna kompyuta humo

Mwandishi, hapo ulipoandika kwamba ndani ya mashine ya mchezo wa pinball kuna "kompyuta ya zamani" umeteleza. Pinball za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1970 nyingi hazikuwa nayo. Ni swichi, koili na rilei tu. Mpira ukigusa swichi, koili inapata umeme, inageuka sumaku, inavuta chuma: ta! Gurudumu la alama linasogea jino moja. Hata vile vibawa vya kurudisha mpira, vilivyoanza na Humpty Dumpty ya Gottlieb mwaka 1947, vinasukumwa na koili.

Mimi nasaga uwele na mahindi hapa Zuzu. Kontakta ya mota yangu ni ukoo huo huo. Juzi iligoma; kufungua, ncha nyeusi kama mkaa. Fundi wa pinball naye husumbuliwa na ncha chafu. Ila jamani, mkifungua, zimeni umeme kwanza.