Pesa Zilizozidi: Nani Alikosea, Nani Alinyamaza?

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilikaa matanga ya harusi ambayo sikuikopea. Miaka kadhaa iliyopita, mwajiri wangu aliniandikia barua akinijulisha kuwa nilikuwa nimelipwa shilingi 131,600 zaidi ya haki yangu, na kwamba fedha hizo zingekatwa katika mshahara wangu kwa muda wa miezi minne. Nilikuwa nimetoka kulipa karo ya mwanangu juma hilohilo.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Nilikuwa nimekaimu uenyekiti wa idara kwa mwaka mmoja, na kwa kazi hiyo nikalipwa marupurupu ya shilingi 9,400 kila mwezi. Mwenyekiti aliporejea kutoka likizoni, nilimkabidhi ofisi, funguo na majalada. Hata hivyo, marupurupu yaliendelea kuingia katika akaunti yangu kwa miezi 14.

Walimu wengi wanakijua kisa cha aina hii. Mwalimu huhamishwa kutoka eneo la mazingira magumu hadi mjini, lakini marupurupu ya mazingira magumu yakaendelea kumfuata. Baada ya muda huja barua, naye huiona barua hiyo kama radi iliyompiga mchana wa jua kali.

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, niliisoma barua ile kwa jicho la kazi yangu. Ilidai kwamba hitilafu “ilitokea” katika orodha ya mishahara, na kwamba mimi “nilipokea” fedha nisizostahili. Tazama vitenzi hivyo, ndugu msomaji. Kosa la ofisi halina mtenda. Limetokea tu, kama mvua inyeshavyo. Lakini upokeaji una mtenda, naye ni mimi. Kwa sentensi mbili tu, aliyekosea alitoweka na aliyekosewa akawa mshukiwa. Nilikasirika, nikaketi kuandika jibu kali.

Jibu hilo sikulipeleka. Nilipofika aya ya pili nilijikuta nikiandika kwamba pesa hizo “zilitumika” kwa mahitaji ya nyumbani. Zilitumika! Nani alizitumia? Nami nilikuwa nimejificha nyuma ya kitenzi kisicho na mtenda. Ukweli ni kwamba mwezi wa tatu nilikuwa nimeitazama hati yangu ya mshahara, nikayaona marupurupu yale, nikajiambia kwamba huenda ni malimbikizo ya zamani. Mwezi wa nne sikuitazama tena hati hiyo. Mtu asiyetaka kujua hujifunza upesi namna ya kutoangalia.

Hili ndilo ninalotaka tulijadili. Fedha zinazolipwa kimakosa sharti zirudishwe. Sheria imekuwa wazi tangu zamani. Katika kesi ya Kelly na Solari iliyoamuliwa Uingereza mwaka wa 1841, kampuni ya bima ilikuwa imemlipa mjane fidia kwa kusahau kwamba bima ya mumewe ilikuwa imekoma. Mahakimu walishikilia kwamba fedha zilizolipwa kwa kosa la namna hiyo zaweza kudaiwa, hata kama aliyezilipa alizembea. Nasi Kenya tulirithi mkondo huo wa sheria. Aidha, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata katika mshahara kiasi alichomlipa mfanyakazi zaidi kwa makosa.

Hata hivyo, kifungu hichohicho kinaweka mpaka: makato yote yakijumlishwa hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Mimi nilikuwa na mkopo wa chama cha akiba na mikopo uliokuwa ukikatwa kila mwezi. Kuniongezea makato ya shilingi 32,900 kungeniacha na chini ya theluthi moja. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 47, inampa kila mtu anayeathiriwa na hatua ya kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa hivyo, kuomba mahesabu si ukaidi.

Mahesabu hayo yana siri ambayo wengi hawaifahamu. Katika zile shilingi 9,400, asilimia 30 ilikuwa imekatwa kodi kabla sijaziona. Mkononi mwangu zilifika shilingi 6,580 kwa mwezi, yaani 92,120 kwa miezi yote 14. Kunikata shilingi 131,600 katika mshahara uliokwisha kutozwa kodi kungekuwa kunitoza shilingi 39,480 ambazo sikuzishika kamwe. Makato yanapofanywa kabla ya kodi kukokotolewa, dhuluma hiyo huondoka.

Basi niliandika barua nyingine. Nilisema wazi: niliziona pesa hizo mwezi wa tatu, nikanyamaza, na nimezitumia mimi. Kisha nikaomba mambo matatu: orodha ya kila mwezi na kiasi kilichozidi, makato yafanywe kabla ya kodi, na muda wa kurudisha ulingane na muda zilizoingia. Majuma matatu baadaye nilijibiwa. Yote matatu yalikubaliwa, na sentensi moja ikaanza kwa maneno haya: “Ofisi hii ilikosea.” Nilirudisha shilingi 9,400 kwa mwezi kwa miezi 14. Haikuwa rahisi, lakini watoto walikula na karo ikalipwa.

Yamkini kuna atakayeuliza: kwa nini nirudishe wakati kosa si langu? Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu kama mtu anayetumiwa pesa kwa simu kimakosa anapaswa kuzirudisha. Wote walikubali, wakitaja mama mboga ambaye huenda alikosea tarakimu moja. Nilipowauliza kuhusu pesa za mwajiri, walicheka. Wanafunzi wangu, uaminifu unaotegemea umaskini wa mwenye mali haujakamilika. Pesa za umma zina wenyewe, ingawa hatuwaoni wakilia.

Kwa walimu wenzangu nasema: someni hati zenu za mshahara kila mwezi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na hata ile iliyozidi hudaiwa bila huruma. Mkiona ziada, andikeni barua siku hiyo, mhifadhi nakala, na msiziguse pesa hizo. Mkidaiwa, msikubali neno la simu wala la ukumbini, ombeni maandishi.

Na kwa waajiri: aliyekosea aseme alikosea. Mwalimu aliyepewa pesa zisizo zake bila kuziomba si mwizi, wala hapaswi kuandikiwa kama mwizi. Atendewe haki katika mahesabu na apewe muda wa kupumua. Kwa sababu hiyo, kabla ya kutia sahihi, barua kutoka pande zote mbili isomwe tena, na kila kitenzi kiulizwe: nani alitenda?