Eti Kifaransa ni cha hotelini tu?

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Hapa kampasi ukisema unataka kusoma masters ya fasihi ya Kifaransa na Kiitaliano, watu wanacheka mpaka machozi. Eti "utakula vitabu?" Eti jifunze ya kuongea na watalii, inatosha. Na wanaosema hivyo ni walimu watarajiwa kama mimi! Jamani.

Haya, tuanze na Fanon. Mwaka 1961 kilitoka kitabu chake Les Damnés de la terre. Kwa Kiswahili tunacho tangu miaka ya 1970, Viumbe Waliolaaniwa, na mmoja wa waliokitafsiri ni Gabriel Ruhumbika, mtu wa Ukerewe mwenye udaktari wa Sorbonne. Hebu angalieni jina tu. Waingereza walisema The Wretched, yaani mafukara, wanyonge. Laana ya Fanon ikapotelea njiani. Kwetu imebaki! Hiyo huipati kwa kozi ya miezi mitatu ya bonjour.

Sasa majirani zetu. Scholastique Mukasonga wa Rwanda alipata tuzo ya Renaudot 2012 kwa Notre-Dame du Nil, habari za shule ya bweni ya wasichana na chuki dhidi ya Watutsi. Gaël Faye akatoa Petit pays 2016, utoto wa Bujumbura na vita ilivyoingia. Kigoma imepokea wakimbizi wa Burundi mara ngapi? Halafu hadithi zao tunangoja zizungukie Ulaya, zivae Kiingereza, ndio tuzisome. Aibu.

Kiitaliano ndio wanacheka zaidi. Lakini Barawa, wanakosema Chimwiini, ndugu kabisa wa Kiswahili, ilitawaliwa na Italia. Na Ubah Cristina Ali Farah, aliyekulia Mogadishu, ameandika Madre piccola (2007) kwa Kiitaliano, kuhusu Wasomali waliotawanywa na vita. Huyo naye tumwachie nani?

Ajira? Chache, sibishi. Princeton na Stanford lugha hizi mbili ziko idara moja, udaktari unakula miaka mitano au zaidi, na ukimaliza hakuna anayekungoja na kiti. Ila nyie wa biashara mnaocheka, bahasha za kaki mtaani mnabeba za nani?

Halafu mdau mwenye Viumbe Waliolaaniwa aniazime, ya maktaba haionekani rafuni. Nitarudisha, wallahi.