Unauziwa Game Nusu? Ukiwa Lafey, Utajua Hujui

Wacha tuseme umejichanga miezi kadhaa, umetoa doh, na cuzo amekutumia diski kutoka Eastleigh na basi ya Mandera. Inafika Lafey na vumbi yake. Unaidunga kwa PlayStation, mbogi yote imekaa inangoja, halafu mashine inakuambia ngoja kwanza, pakua gigabaiti kadhaa. Sasa hapo?

Usidhani natia chumvi. Call of Duty: Modern Warfare II ilipotoka Oktoba 2022, diski ya PS5 ilikuwa na kama megabaiti 70 pekee, na diski za PS5 zinaweza kubeba mpaka gigabaiti 100. Game yenyewe ilikuwa kwa net. Yaani umelipia ufunguo, nyumba utajitafutia.

Msee wa Nairobi mwenye faiba analalamika kidogo, analala, asubuhi apdeti imeingia. Wewe wa Lafey uko na bando ya simu. Na hii ni kaunti ambayo al-Shabaab wamelipua minara ya simu mara kadhaa. Mnara ukienda, hata kumpigia mamako inakuwa shida, sembuse apdeti.

Alafu kuna hii tabia ya kutoa game mbichi. Wengi wetu tumekulia PES kwa PS2, diski imekwaruzwa vibaya na bado inacheza. Tarehe 30 Septemba 2021 Konami wakaleta eFootball 2022 ichukue nafasi yake. Ilikuwa ya bure, sawa, lakini nyuso za wachezaji zilikaa vibonzo na watu wakaicheka dunia nzima. Konami wakaomba msamaha, wakarudishia doh wale walikuwa wamelipia pakiti mapema, na toleo la 1.0.0 likakuja Aprili 2022. Zaidi ya nusu mwaka, buda!

Cyberpunk 2077 ndio ilikuwa noma kabisa. Ilitoka 10 Desemba 2020, na kwa PS4 ilikuwa inaganda ganda mpaka Sony wakaiondoa dukani kwao kama wiki moja baadaye. Wakarudishia pesa walionunua hapo. Lakini wenye diski waliambiwa na CD Projekt waanzie kwa duka walikonunua. Hebu piga hesabu ya kurudisha diski kutoka Lafey mpaka Eastleigh. Nauli pekee inaweza kula refund yote.

Kusema ukweli, game bila kosa hata moja haipo. Hata zile za PS2 zilikuwa na makosa, tofauti ni kwamba yalibaki hapo milele. Na Cyberpunk baada ya apdeti ya 2.0, Septemba 2023, imekuwa kitu ingine kabisa. Kwa hivyo sina beef na apdeti. Ninachotaka ni diski iwake, icheze mpaka mwisho na ihifadhi ulipofika bila net. Kama haiwezi, waandike kwa boksi, herufi kubwa, ni gigabaiti ngapi utanunua juu ya bei.

Kwa sasa, kabla utoe ganji muulize muuzaji: hii inacheza bila net? Akianza kuzunguka mbuyu, mwachie. Tafuta ile edition ya baadaye, yenye apdeti zimeshawekwa ndani ya diski. Mara nyingi hata bei huwa imeshuka.